Opera ya Uwanjani na Mvua: Hadhira, Jukwaa na Maana ya Neno "Kuanza"

0. UTANGULIZI

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, yote au kwa sehemu kubwa, huku okestra ikiusindikiza. Sanaa hiyo ilizaliwa Italia mwishoni mwa karne ya 16, na kwa muda mrefu makao yake yamekuwa jumba lenye paa, kuta nene na pazia. Hata hivyo, tangu karne ya 19, na hasa katika karne ya 20, miji kadhaa ya Ulaya na Marekani imeitoa opera ndani ya jumba na kuiweka chini ya mbingu tupu: katika viwanja vya kale vya Waroma, katika nyua za ngome, na hata juu ya maji ya ziwa. Maelfu ya watu huenda huko kila mwaka wakijua fika kwamba mvua inaweza kunyesha.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo manne: kwa nini maonyesho hayo hukutana na hali mbaya ya hewa mara kwa mara, jinsi kila mahali palivyojipangia njia ya kukabiliana nayo, kwa nini wanamuziki hukimbia tone la kwanza ilhali hadhira hubaki, na nani hatimaye hubeba hasara ya jioni iliyoharibika.

Msomaji wa Lubumbashi au wa Bukavu anaweza kuuliza jambo hili linahusu nini taaluma ya Kiswahili. Jibu ni mara mbili. Kwanza, linagusa swali ambalo kila mchunguzi wa fasihi simulizi hukutana nalo: onyesho linaanza lini, na linakwisha lini? Pili, masharti yanayoandikwa kwenye tiketi za opera yamejengwa juu ya vitenzi vichache vya kuanza, kukatiza na kufuta, na mfasiri asiyevitofautisha anaweza kumpotezea mtu haki yake.

1. MAJIRA NA MAHALI

Katika Katanga mwaka umegawanyika vizuri. Mvua hunyesha kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili. Kisha huja kiangazi, na kati ya Juni na Agosti tone la mvua ni jambo la kustaajabisha. Anayetaka kuandaa sherehe ya nje huchagua mwezi wa Julai na kulala usingizi. Mtu aliyezoea utaratibu huo atashangaa kusikia kwamba katika sehemu nyingi za Ulaya ya kati miezi inayochaguliwa kwa opera ya nje ndiyo hiyo hiyo yenye mvua nyingi kuliko mingine. Ndivyo ilivyo katika miji ya Salzburg na Bregenz, nchini Austria, ambayo yote iko kandokando ya milima ya Alpi.

Sababu za uchaguzi huo ni za kijamii kuliko za kimaumbile. Majumba makubwa ya opera hufungwa wakati wa joto, hivyo waimbaji na wapigaji wa ala huwa huru. Watu huwa katika likizo. Usiku huwa na joto la kutosha kwa mtu kukaa nje saa tatu au nne. Aidha, jukwaa la nje linahitaji giza ili taa zake zifanye kazi. Na kwa kuwa mwanzoni mwa Julai jua huzama kaskazini mwa Italia karibu saa tatu za usiku, onyesho haliwezi kuanza mapema. Matokeo yake ni kwamba opera huimbwa katika saa zile zile ambapo ngurumo zilizotungwa na joto la mchana huanza kuteremka kutoka milimani. Waswahili wamesema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mtazamaji anayeingia uwanjani mbingu ikiwa safi anaweza kuyaona mawingu hayo saa mbili baadaye, katikati ya sehemu ya pili ya mchezo.

Ifahamike pia kwamba "hali mbaya ya hewa" si mvua peke yake. Kusini mwa Ufaransa, katika bonde la mto Rhône, adui ni upepo. Huko huvuma mistral, upepo mkavu na wa baridi utokao kaskazini, ambao huyafukuza mawingu na kuacha mbingu ya buluu. Mtu akitazama angani atadhani jioni ni njema. Akikaa kwenye ngazi za mawe atatetemeka.

2. MAHALI PANNE, NJIA NNE

2.1. Verona: kungoja

Uwanja wa Verona, nchini Italia, unaoitwa Arena, ulijengwa na Waroma katika karne ya kwanza baada ya Kristo kwa ajili ya mapigano na michezo ya hadhara. Tetemeko la ardhi la mwaka 1117 liliangusha karibu ukuta wote wa nje. Kipande kidogo tu kilichosalia kinasimama hadi leo. Opera ilianza humo kama desturi tarehe 10 Agosti 1913, miaka 100 tangu kuzaliwa kwa mtunzi Giuseppe Verdi, kwa onyesho la Aida. Mwimbaji Giovanni Zenatello alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Uchaguzi wa Aida una uhusiano wake na Afrika: shujaa wake ni binti wa mfalme wa Uhabeshi aliyetekwa na Wamisri, na opera hiyo ilichezwa kwa mara ya kwanza mjini Kairo mwezi Desemba 1871. Isipokuwa wakati wa vita viwili vya dunia, Arena imeendelea na kazi hiyo kwa zaidi ya karne moja. Humo ndimo Maria Callas alimoimba kwa mara ya kwanza nchini Italia, mwezi Agosti 1947.

Arena haina paa, wala haina ukumbi wa akiba. Zaidi ya watu 10,000 hukaa humo, wengine kwenye viti vilivyopangwa uwanjani chini, wengine kwenye ngazi za mawe. Mvua ikinyesha, njia ni moja: kungoja. Wanamuziki huondoka na ala zao, hadhira hujifunika, wafanyakazi hukaa tayari kuifuta mbao za jukwaa, na wote hutazama juu. Mvua ikikoma, jukwaa hukaushwa, okestra hurudi, na uimbaji huendelea pale ulipokatizwa. Isipokoma, tangazo hutolewa na watu hutawanyika.

Wazo la kuufunika uwanja huo limejadiliwa. Mwaka 2017 mchoro wa paa la kukunjuliwa na kukunjwa ulishinda shindano lililoandaliwa mjini humo, lakini paa hilo halikujengwa. Ubishi si wa fedha pekee. Wako wanaosema kwamba uwanja wa kale usiguswe. Wako pia wanaosema kwamba opera chini ya paa la Verona haitakuwa tena opera ya Verona. Inafaa kukumbuka kwamba Waroma wenyewe walikuwa na desturi ya kutandaza matanga makubwa juu ya viwanja vyao. Lakini matanga hayo yalikuwa ya kukinga jua zaidi kuliko mvua.

2.2. Bregenz: kuhamia ndani

Bregenz ni mji wa Austria ulio kwenye ufuko wa ziwa liitwalo Bodensee, ambalo Austria, Ujerumani na Uswisi zinapakana nalo. Mwaka 1946, mwaka mmoja tu baada ya vita, mji huo usiokuwa na jumba la opera uliegesha mashua mbili bapa za kubebea kokoto: moja ilibeba mandhari ya mchezo, ya pili ilibeba okestra, nao walicheza kazi ya Mozart aliyoitunga akiwa mtoto, Bastien und Bastienne. Leo jukwaa hujengwa juu ya nguzo zilizokitwa ndani ya maji, mbele ya viti karibu 7,000, na mandhari yake hutumika kwa miaka miwili mfululizo. Kwa sababu hiyo mandhari yenyewe hujengwa ili istahimili dhoruba na mawimbi ya majira yote, pamoja na baridi kali ya katikati.

Bregenz imelitatua tatizo la ala kwa njia ya pekee. Okestra haikai nje hata kidogo. Hupiga ndani ya jumba la tamasha lililofunguliwa mwaka 1980, nyuma ya viti vya hadhira, na sauti yake hupelekwa nje kwa vipaza sauti vingi vilivyopangwa ili sikio liamini kwamba muziki unatoka jukwaani. Waimbaji humwona kiongozi wa okestra kwenye skrini. Hivyo mvua nyepesi haisimamishi kitu: waimbaji hulowa, hadhira hulowa, ala hubaki kavu, na mchezo husonga mbele. Kwa kawaida opera ya ziwani huchezwa bila mapumziko, kwa muda wa saa mbili hivi.

Mvua ikizidi, au radi ikikaribia, kampuni yote huhamia ndani ya jumba na kuendelea bila ile mandhari kubwa. Ndivyo ilivyotokea Julai 2022, usiku wa kwanza wa Madama Butterfly ya Puccini: dhoruba ililikatiza onyesho la ziwani baada ya muda wa saa moja hivi, na sehemu iliyobaki ikaimbwa ukumbini. Lakini ukumbi una viti takribani 1,650. Hapo ndipo hesabu inapokuwa chungu, nayo itarudiwa katika sehemu ya nne.

Uamuzi wa Bregenz husaidiwa na mpango wa tahadhari wa ziwa lenyewe. Kandokando ya Bodensee zimesimikwa taa za rangi ya machungwa kwa ajili ya mabaharia: zikimweka mara 40 kwa dakika, upepo mkali unatarajiwa, zikimweka mara 90 kwa dakika, dhoruba inakuja. Mtazamaji anayezijua taa hizo husoma habari ya hewa bila kuondoka kitini pake.

2.3. Orange: kuimba pamoja na upepo

Mji wa Orange, kusini mwa Ufaransa, una ukumbi wa Kiroma wa karne ya kwanza ambao ukuta wake wa jukwaa ungali umesimama: urefu wa mita 103 na kimo cha mita 37. Ukuta huo hurudisha sauti kwa hadhira kwa namna ambayo hufanya mwimbaji asikike hadi ngazi za juu. Tamasha la huko, liitwalo Chorégies, lina asili yake mwaka 1869.

Usiku unaokumbukwa kuliko zote katika habari ya opera na upepo ni ule wa Julai 1974, Montserrat Caballé alipoimba Norma ya Bellini, Jon Vickers akiwa Pollione na Josephine Veasey akiwa Adalgisa, chini ya uongozi wa Giuseppe Patanè. Mistral ilikuwa ikivuma kwa nguvu. Filamu iliyopigwa na Pierre Jourdan inaonyesha maleba yakipeperuka na vitambaa vikiwazunguka waimbaji, na katikati ya vurugu hiyo sauti ya Caballé inapita imetulia. Ni vigumu kusema kwamba upepo uliharibu onyesho hilo. Norma ni kuhani wa kike anayeomba usiku, porini, mbele ya mwezi. Upepo ulimpa mandhari ambayo fundi yeyote asingeweza kuijenga. Mfano huo unafunza kwamba hali ya hewa inaweza kuingia ndani ya mchezo na kuwa mhusika.

2.4. Santa Fe: paa lililokuja polepole

Njia ya nne ni ile ya Santa Fe, katika jimbo la New Mexico, Marekani. John Crosby alianzisha opera huko mwaka 1957 katika ukumbi wa wazi. Moto uliuteketeza mwaka 1967, na mwingine ukajengwa. Lakini huo nao uliacha sehemu ya viti bila kifuniko, katika nchi ambayo mvua zake za ngurumo huja Julai na Agosti. Kwa miaka mingi kulikuwa na watazamaji wakavu na watazamaji waliolowa katika onyesho lile lile. Mwaka 1998 ulifunguliwa ukumbi mpya ambao paa lake linafunika viti vyote, lakini pande zake zimeachwa wazi. Upepo ukivuma, mvua bado huingia kwa ubavuni. Hata hivyo, onyesho huendelea.

3. KWA NINI OKESTRA HUKIMBIA NA HADHIRA HUBAKI

Mtazamaji mgeni huudhika anapoona okestra ikiinuka kwa manyunyu ambayo yeye mwenyewe hata hayajali. Sababu si uvivu. Fidla na jamaa zake, hadi ile kubwa inayopigwa kwa kusimama, zimetengenezwa kwa mbao nyembamba zilizounganishwa kwa gundi itokanayo na ngozi za wanyama. Gundi hiyo huchaguliwa kwa makusudi, kwani fundi anaweza kuifungua kwa maji anapotaka kukarabati ala. Kile kinachomsaidia fundi karakanani ndicho kinachomtisha mpigaji uwanjani. Nywele za farasi zilizo kwenye upinde nazo hurefuka zikipata unyevu, na upinde hulegea. Ala ya namna hiyo inaweza kuwa na umri wa miaka 200 na kuwa mali ghali kuliko zote alizo nazo mwenyewe.

Ala za kupuliza kama klarineti na oboe kwa kawaida huchongwa kwa mpingo, mti ambao nchi za Tanzania na Msumbiji huupeleka ng'ambo kwa kazi hiyo. Mpingo ni mgumu na mzito, lakini ukipata mabadiliko ya ghafla ya joto na unyevu hupasuka. Hivyo tone la mvua linaloanguka Verona linaweza kuutia ufa mti uliokulia katika nchi ya Waswahili.

Kuna tatizo jingine lisiloonekana, nalo ni la sauti yenyewe. Hewa ikipoa, sauti hukimbia polepole zaidi: katika nyuzi joto 20 huenda karibu mita 343 kwa sekunde, katika nyuzi 0 karibu mita 331. Kwa ala ya kupuliza maana yake ni kwamba sauti inashuka. Nyuzi za fidla, kinyume chake, hukazika kwa baridi na sauti yake hupanda. Jioni ikipoa ghafla baada ya mvua, makundi hayo mawili huachana, na okestra inayorudi jukwaani lazima ijipatanishe upya.

Upepo nao hupinda njia ya sauti. Kwa kuwa upepo huwa na kasi zaidi juu kuliko karibu na ardhi, sauti inayosafiri pamoja nao huinamishwa chini kuelekea hadhira. Inayosafiri dhidi yake huinuliwa na kupita juu ya vichwa. Ndiyo maana watu wawili waliokaa pande mbili za uwanja mmoja wanaweza kutoka na hukumu mbili zinazopingana juu ya mwimbaji mmoja, na wote wawili wakawa wakweli.

Mwisho, kuna usalama. Jukwaa la mbao lililolowa huwa na utelezi kwa wacheza ngoma. Taa na nyaya za umeme ziko kila mahali. Na minara ya chuma inayobeba taa hizo ndiyo vitu virefu kuliko vingine pale. Radi inapokaribia, kusimamisha onyesho si jambo la kujadiliwa.

4. TIKETI NA MAANA YA NENO "KUANZA"

Tiketi ni mkataba mfupi. Mnunuzi hutoa fedha. Mwenye jukwaa huahidi onyesho. Mvua ikija, swali ni hili: je, ahadi imetimizwa?

Masharti ambayo Arena ya Verona imeyatumia kwa miaka mingi yanajibu kwa kuegemea kitenzi kimoja. Onyesho halifutwi kabla ya saa yake iliyotangazwa. Kuanza kwake kunaweza kucheleweshwa hadi dakika 150. Likifutwa kabla ya kuanza, mnunuzi ana haki ya kurudishiwa fedha. Lakini likishaanza, kisha likakatizwa na mvua na lisiendelee, haki hiyo imekwisha. Kwa hiyo uzito wote uko kwenye neno "kuanza". Okestra ikishapiga sauti za kwanza, hasara ya mvua huhama kutoka kwa mwenye jukwaa kwenda kwa mtazamaji. Ndiyo sababu ya ule mnong'ono unaosikika ngazini wakati kiongozi wa okestra anapoinua mikono yake chini ya mawingu mazito: kuna wanaofurahi, na kuna wanaofanya hesabu.

Bregenz hutumia kipimo kingine, cha muda. Onyesho la ziwani likikatizwa kabla ya kutimiza muda uliotajwa katika masharti, wenye tiketi za ziwani pekee hurudishiwa fedha. Likishavuka muda huo, huhesabiwa kuwa limechezwa. Wenye tiketi za daraja la juu wana haki nyingine: mvua ikilifukuza onyesho kutoka ziwani, wao huingia ukumbini na kuona opera hadi mwisho. Kwa maneno mengine, paa hununuliwa pamoja na kiti. Watu karibu 7,000 hukaa kando ya maji kama hadhira moja. Dhoruba ikija, hugawanyika kuwa makundi mawili, na mstari unaowagawa ni bei.

Hapa mtaalamu wa lugha ana kazi. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuyaeleza masharti haya bila kuazima, ila lazima kila kimoja kibaki mahali pake:

(a) kuchelewesha: onyesho litaanza siku ile ile, saa ya baadaye;
(b) kuahirisha: onyesho litachezwa siku nyingine;
(c) kukatiza: onyesho limeanza, limesimama, na huenda likaendelea;
(d) kusitisha: onyesho limeanza, limesimama, nalo halitaendelea;
(e) kufuta: onyesho halikuanza na halitaanza.

Katika mazungumzo ya kila siku vitenzi hivi huchanganywa, na "kuahirisha" hasa hutumiwa kwa yote. Mazungumzoni hakuna madhara. Katika tangazo la hadhara madhara yapo: kati ya (d) na (e) kuna tofauti ya kurudishiwa au kutorudishiwa bei yote ya kiti, na kati ya (a) na (b) kuna mtu anayeondoka uwanjani ilhali alipaswa kungoja. Tofauti hizo si za opera peke yake. Mechi ya mpira iliyokatizwa na mvua, mtihani uliosimamishwa, safari ya boti iliyochelewa katika Ziwa Tanganyika: kila mahali penye tiketi au orodha ya majina, mpaka kati ya kuchelewesha, kuahirisha na kufuta ni mpaka wa haki.

Suala la "kuanza" nalo lina kina kuliko linavyoonekana. Kwa mwenye jukwaa, opera imeanza okestra inapopiga. Kwa mtazamaji, huenda ilianza alipopanda treni asubuhi, au alipoketi kwenye jiwe lenye joto saa mbili kabla. Wanaochunguza utambaji wa hadithi wanajua ugumu huo: je, hadithi huanza kwa fomula ya ufunguzi, au huanza watu wanapokusanyika na kutulia? Masharti ya tiketi hayana nafasi ya kujibu kwa upole. Huchagua dakika moja na kuiita mwanzo. Uchaguzi huo ni wa lazima, lakini si wa haki kwa kila mtu kwa kiasi kile kile. Mkazi wa mji atarudi juma lijalo. Aliyesafiri kilomita 500 na kununua kiti cha bei ya chini hatarudi. Naye ndiye hulipa mvua kwa ukamilifu.

5. ADABU NA MATAYARISHO YA MTAZAMAJI

Kutokana na yaliyoelezwa, yapo mambo machache ambayo mwenye busara huyazingatia.

La kwanza ni kusoma masharti kabla ya kununua, na kujua kama bei ya tiketi ina paa ndani yake au haina.

La pili ni mavazi. Koti la mvua ni bora kuliko mwavuli. Mwavuli mmoja ukifunguliwa huwazibia macho watu watatu walio nyuma na kuwamwagia maji wawili walio kando; ndiyo maana matamasha huwasihi watazamaji kuuacha. Ngazi za mawe huhifadhi joto la mchana, lakini zikilowa hupoa, hivyo mto wa kukalia na nguo ya pili ya kujifunika ni vitu vya lazima hata mwezi wa Julai. Viatu viwe vya kutembea juu ya mawe yenye utelezi gizani.

La tatu ni subira. Wengi huondoka mvua inapoanza. Wanaobaki mara nyingi hupata opera nzima, baada ya saa moja ya kungoja, hewa ikiwa imesafika. Lakini subira ina mpaka wake, nao ni radi. Sauti hutumia karibu sekunde tatu kusafiri kilomita moja. Mtu akiona umeme na kusikia ngurumo kabla ya kuhesabu sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na kukaa kwenye ngazi za juu au karibu na mnara wa chuma ni hatari. Hapo tiketi haina thamani tena. Aingie penye jengo imara.

La nne ni la adabu. Waimbaji wanaoendelea chini ya manyunyu huimba kwa nguo nzito zilizoloa, na sauti ya koti la plastiki linalokunjuliwa husikika mbali. Anayetaka kujifunika na ajifunike mara moja, kisha atulie.

6. TAMATI

Opera ya uwanjani ni makubaliano kati ya sanaa ghali na mbingu isiyoweza kulipwa. Verona imechagua kungoja, Bregenz kuhamia ndani, Santa Fe kujenga paa kwa hatua. Na Orange, usiku mmoja wa mwaka 1974, ilionyesha kwamba upepo unaweza kuiongezea opera kile ambacho jumba haliwezi kuipa. Hakuna njia kati ya hizo inayoondoa hasara. Kila moja huihamisha tu kutoka bega moja kwenda jingine. Lililo muhimu ni kwamba kuhamishwa huko hufanywa kwa maneno, na maneno hayo huandikwa kabla mvua haijanyesha. Anayeyaandika kwa Kiswahili, awe mfasiri, mwandishi wa matangazo au mwalimu anayewafundisha hao wawili, na ayapime. Hadhira inaweza kukubali kulowa. Isichokubali ni kulowa kisha kugundua, usiku wa manane, mlangoni pa kutokea, kwamba neno moja kwenye tiketi lilikuwa na maana isiyoelezwa.